Neno Ambalo Kiswahili Kimeninyima



Kuna neno moja la Kiingereza ambalo limenifuata tangu nilipohamia chini ya Mlima Meru, nami nimekuwa nikilitafutia mwenzake wa Kiswahili bila ya kumpata. Neno lenyewe ni "expatriate". Asili yake ni Kilatini: sehemu ya kwanza ina maana ya kutoka, na sehemu ya pili ina maana ya nchi ya baba. Kwa asili hiyo neno lingemfaa mtu yeyote anayeishi mbali na kwao: Mkongo anayefagia ofisi za London usiku, Msomali anayeendesha basi Minneapolis, Mtanzania anayenunua bidhaa Guangzhou. Lakini halitumiki hivyo. Katika Kiingereza cha kila siku, Mkongo wa London ni mhamiaji, na mimi Mwingereza wa Tengeru ni "expatriate". Tofauti yetu si urefu wa safari wala muda wa kukaa. Tofauti ni rangi ya pasipoti na, tuseme kweli ijapokuwa chungu, rangi ya mwenye pasipoti.

Neno hilo ni kiti kizuri sana. Aliyekikalia si raia, kwa hiyo hadaiwi majibu juu ya jambo lolote. Si mhamiaji, kwa hiyo haulizwi atarudi lini kwao. Kazi yake ni kutazama. Kutoka katika kiti hicho imezaliwa aina nzima ya uandishi wa Kiingereza: makala za Mwingereza aliye ughaibuni, kutoka Manila hadi Nairobi, na desturi yake ni ile ile kila mahali. Umeme umekatika. Fundi aliahidi kuja kesho, na kesho hiyo imetimiza mwezi. Mwanasiasa fulani amesema jambo la kushangaza. Mwandishi anatabasamu, anainua glasi yake, na anahitimisha kwamba pamoja na hayo yote hangependa kuishi kwingine. Nimesoma nyingi za namna hiyo, na baadhi yake zimenichekesha kweli. Lakini makala hiyo haikubali kuandikwa kwa Kiswahili. Ukijaribu, kalamu inagoma katika sentensi ya kwanza, pale unapotakiwa kujitaja wewe ni nani. Leo nataka kuyapitia maneno ambayo Kiswahili kinanipa badala ya lile kilichoninyima, ili tuone kalamu inagomea nini.

Neno la kwanza ni lile ambalo watoto wa njiani hunipa bila ya malipo: mzungu. Ninyi nyote mnaujua ufafanuzi unaolihusisha na kitenzi "kuzunguka", kwamba wenyeji wa kale waliwaona watu hawa wakizunguka huku na huko bila ya kutulia. Kwa mkaazi wa Arusha ufafanuzi huo unathibitishwa kila siku. Katikati ya mji upo Mnara wa Saa, na kuuzunguka mnara huo ipo barabara ya duara ambayo watu huiita kipilefti. Waingereza walipoondoka mwaka 1961 walikuwa wameacha mambo mengi nyuma yao, na mojawapo ni amri ya kibao cha barabarani, kaa kushoto, ambayo Kiswahili kiliipokea, kikaivika irabu, kikaifanya kuwa jina la mahali. Amri imekuwa nomino. Sijui kama himaya yoyote imewahi kupata malipo ya haki kuliko hayo. Inasemwa pia mjini kwamba mnara huo uko katikati kabisa ya safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town. Wageni hupiga picha hapo kwa furaha, na saa iliyo juu yao huwaonyesha saa nane wakati kila mwenyeji anayepita anajua kwamba ni saa mbili asubuhi.

Sokoni Kilombero neno hilo limepata kazi nyingine. Kuna kuku wa kienyeji na kuku wa kizungu. Kuku wa kizungu ni mweupe, hukua haraka, hula chakula cha kununua, nyama yake ni laini, na baridi kidogo tu ya mwezi wa saba humwua. Kuku wa kienyeji hujitafutia, humtoroka mwewe, huchemshwa saa nzima, na bei yake ni kubwa zaidi. Sijasikia uchambuzi wa kijamii ulio mkali kuliko huo, na hutolewa na wauza kuku bila ya kuinua sauti. Waswahili wa kale walikwisha kusema kwamba mgeni ni kuku mweupe, kwa maana kwamba huonekana upesi kati ya wengine. Hawakujua kwamba siku moja kuku huyo atafugwa kwa maelfu mjini Arusha.

Hata hivyo, mzungu si neno la kukalia. Linamtaja mtu jinsi anavyoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, lakini halisemi yuko hapa kwa misingi gani. Kwa hilo inabidi kwenda kwenye maneno ya sheria.

Mbele ya sheria ya Tanzania mimi ni mgeni mwenye kibali cha ukaazi, na ofisi inayonihusu inaitwa Idara ya Uhamiaji. Vibali vina madaraja. Daraja A ni la mwekezaji na mtu aliyejiajiri, daraja B ni la mwajiriwa, daraja C ni la wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea na wengineo. Hakuna daraja la mtazamaji. Katika foleni ya Uhamiaji nimekaa benchi moja na Mhindi, Mkenya, Mchina na Mrundi, na sote jina letu ni moja. Namwita kaka yule aliye mbele yangu, naye ananiita mzee, tunasogea pamoja. Nakiri kwamba benchi hilo limenifundisha sarufi kuliko vitabu: kitenzi ni kuhama, mtendaji ni mhamiaji, na hakuna kiambishi cha kuonyesha kwamba mhamiaji mmoja ni bora kuliko mwenzake.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye shamba la kahawa na migomba, hupenda kusikiliza habari za dunia, na huniuliza maswali ambayo redio haikuyajibu. Mwezi wa nne wa mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapeleka Rwanda baadhi ya watu waliofika Uingereza kwa mashua ndogo wakiomba hifadhi. Mama alinisubiri kwenye ua wa shamba.

"Babu, ni kweli wale wanaofika kwenu kwa mashua mnataka kuwapeleka Rwanda?"

"Serikali imekusudia hivyo, mama."

"Na wewe walikuleta huku?"

"Hapana, mimi nilikuja mwenyewe."

"Basi wewe uliwatangulia," akasema, akaendelea kukata majani ya ng'ombe.

Mnayajua yaliyofuata. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba mpango huo haukuwa halali. Serikali ikatunga sheria mpya ya kutamka kwamba Rwanda ni nchi salama, kana kwamba usalama ni jambo la kutungiwa sheria. Mwaka 2024 serikali nyingine ikaingia madarakani na kuufuta mpango wote, na waziri wake akaliambia bunge kwamba paundi milioni 700 zilikuwa zimekwisha kutumika. Waliokwenda Rwanda walikuwa watu wanne, nao walikwenda kwa hiari yao. Nilipomweleza mama hesabu hiyo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama hao wanne walipewa na mashamba.

Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na makao makuu ya jumuiya hiyo yako hapa Arusha. Kwa Mwingereza huo ni ujirani wenye aibu kidogo. Mkataba wa jumuiya ulitiwa saini katika mji huu tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000 ukiwa na nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Leo nchi ni nane. Sudan Kusini ilijiunga mwezi wa nne wa mwaka 2016. Miezi miwili baadaye, tarehe 23 Juni, Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, asilimia 52 kwa 48. Kwa hiyo katika msimu mmoja wa mvua na ukungu nilizoea kupita mbele ya jengo ambalo watu walikuwa wanapiga hodi kuingia, huku simu yangu ikinipa habari za kwetu ambako watu walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea.

"Mmetoka kwenye jumuiya yenu," mama alisema. "Mmekwenda wapi?"

"Hatukwenda popote, mama. Tuko pale pale."

"Sasa mmetokaje?"

Waziri mkuu mmoja baada ya mwingine alijaribu kulijibu swali hilo. Mmoja wao, mwaka 2022, hakufikisha hata siku 50 madarakani, muda ambao hautoshi maharage kukomaa shambani. Lakini msidhani kwamba mama aliuliza kwa kutojua. Wazee wa Arusha wanafahamu vizuri maana ya jumuiya kuvunjika. Ile ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilikufa mwaka 1977. Shirika la ndege la pamoja lilikufa nayo, reli na posta za pamoja zikagawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kutoka Arusha hadi Namanga ni safari ya saa mbili tu. Ndugu waliooana ng'ambo mbili za mpaka huo walihesabu miaka, na wafanyabiashara walitafuta njia za usiku. Mtu aliyeyaona hayo akikuuliza "mmetokaje?", haulizi jiografia. Anakuuliza kama mlihesabu.

Narudi kwenye maneno. Yapo mawili ambayo siwezi kuyaruka, kwa sababu udongo wa mlima huu umeyachimbia mizizi: mkimbizi na mlowezi.

Tengeru, kilomita chache kutoka mjini, karibu na Ziwa Duluti, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 walianza kufika huko wanawake, watoto na wazee wa Kipolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti kutoka mashariki ya nchi yao, wakapitia Siberia na Asia ya Kati, wakashukia Iran, na mwishowe wakaletwa Tanganyika. Kambi yao ilikuwa na watu wapatao 5,000. Walijenga kanisa na shule, walilima bustani, walizaa, walizika. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na waliobaki ni wale waliolala makaburini, karibu 150. Katika kijiji hiki, basi, wapo wazee ambao wazazi wao waliwaona Wazungu wakiwa wakimbizi: wamekonda, wameombwa karatasi, wamepangiwa vibanda. Mtu akisema mbele ya mzee wa Tengeru kwamba ukimbizi ni tabia ya mataifa fulani, mzee huyo anaweza kumwonyesha njia ya makaburini.

Katika miaka hiyo hiyo kambi ilipokuwa inaelekea kufungwa, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huo huo, jambo jingine lilitendeka. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na msimamizi wake alikuwa Uingereza. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki. Nyumba zilichomwa moto na mifugo ikaswagwa, ili ardhi hiyo wapewe wafugaji wa Kizungu. Wameru hawakujibu kwa mikuki. Walichanga fedha, wakaandika, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kufika huko kwa ajili ya uhuru. Aliyesaidia kuiandaa kesi hiyo alikuwa mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, naye ni mgeni mwingine ambaye Kiswahili hakikuhangaika kumtafutia jina la pekee, kwa kuwa kazi yake ilijulikana. Ardhi haikurudishwa kwa kura ile, lakini Watanganyika wengi walijifunza kwamba serikali inaweza kushtakiwa mahali fulani.

Wale waliopewa ardhi ya Engare Nanyuki, Kiswahili kina jina lao: walowezi. Kitenzi "kulowea" kina maana ya kukaa mahali hadi ukapazoea, hata usikumbuke kuondoka. Sikio la mshairi husikia jirani yake, "kulowa", kama nguo iliyoloa maji ikakataa kukauka. Katika vitabu vya historia mlowezi ni Mzungu mwenye bunduki na hati ya shamba. Lakini nendeni Kigoma au Kagera mkasome matangazo ya Uhamiaji: huko "wahamiaji walowezi" ni watu wenye asili ya Burundi, Rwanda na Kongo ambao wamekaa vijijini miaka mingi bila ya hati. Neno moja limewabeba aliyekuja na jeshi nyuma yake na aliyekuja na mtoto mgongoni. Mwanzoni nilidhani huo ni upungufu wa lugha. Siku hizi nauona kuwa ni ukali wake. Kiswahili kinamwuliza kila mtu aliyelowea swali moja lile lile: umekaa juu ya nani?

Hilo ndilo swali ambalo neno "expatriate" liliundwa ili lisiulizwe.

Sasa nije kwenye kejeli, kwani ndiyo biashara ya yale makala niliyoyataja. Sisi Waingereza tunajivunia ucheshi wa kunong'ona: kusema kidogo kuliko unavyomaanisha, na kumwachia msikilizaji ajaze pengo. Nilipoanza kusoma mashairi ya Kiswahili nilifurahi kukuta kwamba ninyi mna duka zima la bidhaa hiyo, limepangwa kwa uzito. Kuna mzaha na masihara, vitu vyepesi vya mchana. Kuna utani. Kuna kinaya, ambacho ni cha wasomi. Kuna dhihaka, kejeli, stihizai, na mwisho wa rafu, juu kabisa ambako watoto hawafiki, kuna kebehi. Mwingereza anayeandika juu ya wenyeji wake hudhani kwamba amechukua kitu kutoka rafu ya mzaha. Mara nyingi mwenyeji akisoma huona kwamba kimetoka juu zaidi.

Kinachoamua ni uhusiano, na hapo ndipo neno utani linapokuwa na nguvu ambayo Kiingereza hakina. Utani si kucheka tu. Ni mkataba. Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na misafara ya biashara walipita katika nchi ya Wazaramo, na kutokana na mapito hayo wakawa watani. Kwingine utani ulizaliwa vitani, makabila mawili yalipokwisha kupigana na kupatana. Arusha, mji wa Wameru na Waarusha ambao umepokea watu wa kila upande wa nchi, umeipokea desturi hiyo pamoja na watu wake. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya mkweo, kuchukua kuku wako, kukuambia kwamba babu yako alikuwa mwoga. Lakini haki hiyo ina bei. Ukifiwa, mtani ndiye anayefika mapema, anabeba, anachimba, anaosha, na kuwachekesha wafiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu. Anayekucheka akiwa hana wajibu wa kukuzika si mtani wako. Huyo ni mpita njia mwenye mdomo.

Nimewahi kufikiri kwamba kama vita na biashara ndivyo vinavyozaa utani, basi Waingereza tungekuwa watani wa nusu ya dunia. Tumepigana na karibu kila mtu, na tuliobaki bila ya kupigana nao tumewauzia kitu. Kinachotukosesha utani ni mazishi. Mtani hufika msibani, nasi kihistoria tulikuwa na desturi ya kuondoka kabla ya kuzika.

Ndiyo maana kalamu inagoma. Siwezi kuandika kwa Kiswahili kwamba umeme wa jirani yangu umekatika, kana kwamba ni tamasha, kwa sababu umeme ukikatika kwake umekatika na kwangu, na yeye ana mshumaa. Siwezi kumcheka fundi anayechelewa bila ya sentensi yenyewe kuniuliza kama nimemlipa kazi ya mwezi uliopita. Sarufi ya Kiswahili hupenda kutaja anayetenda na anayetendewa ndani ya kitenzi kimoja. Nikisema "ninawacheka", tayari nyote mmo ndani ya neno, mimi mwanzoni na ninyi katikati, tumebanana. Hakuna nafasi ya kusimama pembeni.

Lakini lugha haimnyimi mtu kiti na kumwacha amesimama. Inampa kitu kingine cha kushika. Sote tunaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha kueleza ujamaa, ili kuonyesha kwamba katika jamii ya asili ukarimu na kazi havikuwa maadui. Mwaka 1967 chama chake kilikuja kupitisha Azimio katika mji huu huu. Kilele cha mlima ulio juu yetu, mita 4,566, bado kina jina la Ujamaa, na watalii hulipa dola nyingi kukifikia, jambo ambalo namwachia msomaji acheke kwa kipimo chake mwenyewe.

Nilipoisikia methali hiyo mara ya kwanza niliiona kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Sasa naisikia tofauti. Siku mbili za mwanzo mgeni hupewa chakula, mkeka na heshima, na kwa heshima hiyo hukaa mbali na watu: anakula peke yake, anahudumiwa, anasifiwa hata akikosea salamu. Jembe la siku ya tatu ndilo linalomwingiza nyumbani. Aliyepewa jembe anaweza kuambiwa kwamba analima vibaya. Anaweza kutaniwa. Anaweza kuitwa na majirani usiku wa msiba, akapewa sufuria kubwa aibebe, bila ya mtu kumwomba radhi. Methali haikusema mfukuze, wala haikusema mwache akae akitazama. Ilisema mpe. Jembe ni zawadi ya tatu, baada ya chakula na mkeka.

Kwa kuwa hapa ni barazani pa washairi, nisingependa kuondoka mikono mitupu. Nimeziweka fikra hizi katika beti mbili, nami nazileta mzikague mizani kwa ukali wenu wa kawaida:

Mgeni nimefikia, mlimani nimekaa,
Siku mbili zapitia, ya tatu imenifaa,
Jembe nimeshikilia, shambani sijazubaa,
Mgeni asiyelima, mwenyeji humshangaa.

Utani si wa pembeni, wa kucheka na kukaa,
Mtani yu msibani, sepetu ameitwaa,
Kejeli i ulimini, kazi hawezi kataa,
Mgeni asiyelima, mwenyeji humshangaa.

Huenda baadhi yenu mmekwisha kuanza kulitafutia lile neno la Kiingereza tafsiri. Nawafahamu. Mshairi mmoja atapendekeza kitu chenye vina vizuri, mwingine atakipinga kwa hoja ya ngeli, wa tatu atakipeleka Baraza la Kiswahili la Taifa, na baada ya miaka michache kitakuwa kamusini, kimesanifiwa, na kina wingi wake. Nawaomba kwa heshima zote msifanye haraka. Kiswahili kimepokea kipilefti, kimepokea intaneti, na vifodi vinavyobeba abiria wa Arusha kila siku vina jina la tajiri wa magari wa Marekani. Lugha yenye mlango mpana kiasi hicho, ikikosa neno moja, huenda ina sababu zake. Mgeni ninalo jina, na jembe ninalo. Sioni ninachopungukiwa.